Wakati Nilikuwa Malkia wa Wagiriki

Nianze na wenye walikuwa pale, juu muntu akisoma habari bila kujua nani ni ndugu ya nani, habari inamuponyoka. Kulikuwa mimi, mujane, koko ya wajukuu mingi. Kulikuwa mujukuu wangu, binti wa kwanza wa mutoto wangu wa kwanza, mwenye kufundisha Kifaransa pa lise, shule ya sekondari ya wabinti, kwenye kilima chetu upande wa Lushebere. Kulikuwa shemeji wangu, mudogo wa marehemu bwana yangu, mulimaji wa maharagi, mwenye sauti kubwa kupita kengele ya kanisa. Kulikuwa prefe, mukubwa wa ile lise, ambaye hapa kwetu haiko ndugu ya muntu, alitumwa toka mbali, lakini ametuzoea. Kulikuwa wamama wa kikundi chetu cha kanisa, na kati yao wawili lazima niwaseme: mama muuza-maziwa, mwenye tulibatizwa naye siku moja, bibi ya mufugaji mumoja wa upande wa Mushaki, na mama wa kambi ya wakimbizi, mwenye alifika Lushebere na mutoto mugongoni na sufuria kichwani, leo analima pembeni ya shamba langu. Wengine walikuwa wazazi, wachungaji na fimbo zao, na watoto hata haiwezekane kuhesabu. Majina ya wote niko nayo, na majina ya wazazi wao. Lakini mujukuu aliniambia, "Koko, usiandike majina ya batu, batakuletea maneno." Basi nayaacha kichwani, kule hayalowe mvua.

Mambo yalianza na teatri. Mujukuu aliomba prefe, akaomba tena, wabinti wapate saa moja kila siku ya tatu ya juma wacheze teatri. Prefe si muntu mubaya. Alikuwa tu anaona bustani ya lise yenye inataka kulimwa na mutihani wa Serikali wenye unakuja, na anauliza teatri itawasaidia wabinti nini. Mwisho akakubali kwa sharti. Siku ya kufunga mwaka, mbele ya wazazi, wacheze muchezo mumoja wa kweli, toka mwanzo mupaka mwisho, bila fujo. Kukitokea fujo, ile saa inarudi ku bustani, na neno teatri asilisikie tena.

Mujukuu angeweza kuchagua kitu kidogo, mulevi na bibi yake, watu wacheke, waende kula. Yeye akachagua muchezo wa Wagiriki, wa zamani sana, mbele Yesu azaliwe. Alinielezea jioni moja nikiwa nachagua maharagi ya mbegu.

"Koko, kuko mufalme. Anataka kwenda vita ng'ambo ya bahari, lakini mashua zake zinakosa upepo. Waaguzi wanamuambia atoe binti yake, upepo utakuja. Anamutoa."

"Anamutoa kwa nani?"

"Anamuchinja, Koko."

Nikaweka ungo chini. "Na mama yake?"

"Mama yake njo malkia. Anabaki, anashika inchi miaka yote ya vita. Kisha bwana anarudi na sifa. Malkia anamupokea na maneno matamu, anamuingiza nyumbani, na kule ndani anamuua. Kisha anatoka, anawaambia watu wote kwa nini."

Nikamuuliza kama muchezo wa namna hiyo unafurahisha watu. Akasema Wagiriki walikuwa wanaketi juu ya mawe toka asubuhi kwa kuuona, wanalia, kisha wanarudi kwao moyo mwepesi. Nikasema basi nimesikia, ni kama matanga ya muzee aliyeshiba siku zake: unalia muzuri, unakula muzuri, unarudi nyumbani ukicheka na wenzako njiani. Mujukuu akaniangalia, akasema hata waalimu wake wa chuo hawakumuelezea hivyo. Alikuwa ananisifu juu alikuwa na njaa na chakula kilikuwa kwangu.

Sasa taabu. Binti mwenye alipewa malkia alikuwa murefu, macho makali, sauti imenyooka. Kesho yake mama yake akafika kwetu, jembe begani, udongo ungali mubichi.

"Mwalimu, binti yangu hataua bwana mbele ya batu."

"Mama, ni muchezo."

"Najua ni muchezo. Lakini bale bafugaji njo batakaa mbele. Kuko mumoja, kijana yake anaangalia binti yangu tangu Pasaka. Akimusikia anasema amechinja bwana yake na hajute, ng'ombe za mahari zitatoka wapi?"

Mujukuu akachukua tena makaratasi ya malkia. Akamupa binti mwengine, baba yake akakataa. Wa tatu alikubali, koko yake akamufungia ndani. Mujukuu akasema basi atacheza yeye mwenyewe. Mutoto wangu, baba yake, akaweka kikombe cha chai chini polepole. "Wewe pia kuko watu wanakuja kukuomba ndoa kisha ya mavuno," akasema, na maneno yakaishia pale.

Nikamuona anakaa kwenye mulango, makaratasi juu ya magoti. Bila malkia hakuna muchezo, bila muchezo hakuna siku ya tatu. Wale wabinti walikuwa wanafika kwetu kila jioni kumuuliza, na kila jioni aliwaambia warudi kesho.

"Nipe mimi," nikasema.

"Koko, usinichekeshe."

"Mimi bwana yangu alikufa na maleria yake, kila muntu anajua. Hakuna ng'ombe yenye inanigojea. Nani ataniogopa?"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuniangalia kama muntu anapima kikwembe cha kushona kwa macho.

Kusoma najua kidogo, ni masista walinifundisha mupaka darasa la tatu, herufi kubwa-kubwa. Lakini muchezo, mujukuu alikuwa ameugeuza toka Kifaransa kuwa Kiswahili chetu ili wazazi wausikie, na sikio langu halijazeeka. Asubuhi, mbele aende kufundisha, ananisomea. Mimi naenda na maneno shamba. Mustari mumoja wa maharagi, neno moja la malkia. Nikifika mwisho wa mustari bila kukosa, naanza mwengine. Nikikosa, narudi kule mwanzo, napalilia tena pale nimekwisha kupalilia. Ule mwaka shamba langu lilikuwa safi kama altari siku ya Pasaka.

Mama wa kambi, kule pembeni, alinisikia nikijisemea. Siku za kwanza aliogopa, alidhani umri umeniingia kichwani. Kisha akaanza kunijibu. Ule muchezo uko na kundi la watu wenye wanasimama pembeni, wanaona yote, wanaimba, wanatoa shauri, wanalaumu. Mujukuu alikuwa anawatafuta. Tulipowaelezea wamama wa kikundi kazi ya lile kundi, mama muuza-maziwa akauliza, "Banaona mambo ya benyewe na banayasema kwa sauti?"

"Njo kazi yao."

"Basi Bagiriki baliandika juu yetu."

Hivyo kundi likapatikana siku moja, wabinti wa lise na wamama pamoja, wamama kwa sauti nzito, wabinti kwa nyembamba. Mufalme alikuwa shemeji. Huyu, tangu bwana yangu alikufa, ananiita bibi yake mbele ya watu kwa kunikasirisha, na mimi simuachie.

"Kaka yangu alikuacha mukononi mwangu," akasema siku ya kwanza ya mazoezi, "na leo njo unataka kuniua."

"Shemeji, kama nilitaka kukuua, ningekuacha ule chakula umepika mwenyewe."

Alikuwa mufalme muzuri. Alijua kutembea na tumbo mbele. Kitu kimoja kilimushinda: kule nyuma, wakati anauawa, lazima apige kelele ili watu wasikie. Yeye alikuwa anasema "aa, nakufa," kama muntu anaomba chumvi.

"Babu mudogo, wanakuchinja," mujukuu alimuambia.

"Binti yangu, siwezi kupiga kelele bure huku kilimani. Siku yenyewe nitaipiga."

Tukaiacha hivyo. Tulikuwa tunafikiria vikwembe.

Mujukuu alitaka kunifundisha kuwa malkia: usikimbie, usiangalie chini, muntu akikusemesha acha kwanza anyamaze. Nikamuambia ile naijua. Bwana yangu, tukiwa vijana, alienda kwenye machimbo ya Walikale, akasema atarudi mavuno. Mavuno ilipita, na ingine. Nilibaki na watoto, na ng'ombe moja, na kaka zake wenye walikuja kila mara kuniambia ng'ombe iko ya kwao. Nilikuwa nawapokea nikiketi. Nilikuwa nawapatia maji ya kunywa, naacha waseme mupaka maneno yawaishie, kisha nasema ng'ombe inalala hapa. Bwana akarudi na redio na kikohozi. Sikumuua. Nilimuwekea maji ya kuoga, na alipovaa nguo safi nikaanza kumusemesha, na nilimusemesha mupaka mvua ikaisha. Basi, maneno ya yule malkia sikuyatafuta mbali.

Siku yenyewe kiwanja cha lise kilijaa. Wafugaji walikaa mbele kweli, fimbo katikati ya magoti. Nyuma yetu tulifunga shitingi, ile plastiki ya kambi wanafunikia nyumba, ndiyo ilikuwa nyumba ya mufalme. Mimi nilivaa vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine, na taji wabinti walikata kwenye kopo ya maziwa ya unga. Nilipotoka na kusimama bila kusema, kelele ya watoto ilikatika yenyewe. Nikajisemea, aa, kumbe.

Mufalme alirudi vitani juu ya chukudu. Wafalme wa Wagiriki walikuwa na magari ya farasi, sisi tuko na chukudu yetu ya mbao na magurudumu mawili, ile inabeba magunia. Ilishuka toka nyuma ya kanisa, shemeji amesimama juu, mukono hewani, na breki ikakataa. Alipita mbele ya malkia, akapita mbele ya wageni, akasimama kwenye ua ya nyumba ya prefe. Watu walipiga vigelegele kwa heshima yote. Akarudi kwa miguu, tumbo mbele, kama njo ilipangwa hivyo.

Nikamupokea. Nilisema maneno yote matamu, mustari kwa mustari, nikayasikia yanatoka safi. Wamama wa mbele walikuwa wanatikisa kichwa, "muangalie bibi mwenye anajua kupokea bwana." Hata yule mama wa jembe. Mufalme akaingia nyuma ya shitingi. Nikamufuata polepole na panga yangu ya mubao.

Kule ndani alikuwa anajipaka mawese kwenye shati, mawese nyekundu ya Walikale, tuliichagua kwa ajili ya damu. Akanifinyia jicho, akavuta pumzi, akapiga kelele.

Sasa lazima nielezee kelele kwa wenye hawajakaa kwetu. Huku milimani nyumba ziko mbali-mbali. Muntu akiingiliwa na mwizi, ao moto, ao mabaya yenye hatutaje, anapiga kelele ya namna moja, kila muntu anaijua tangu mugongoni mwa mama. Ukiisikia, unaacha chakula mudomoni, unaacha mutoto kwa mwenye iko karibu, unashika kile mukono umekutana nacho, unakimbia. Mwenye ameisikia akaketi, kesho ataulizwa mbele ya watu. Shemeji alipiga ile. Hakuwa na ingine. Na wamama wa kundi, wenye katika muchezo wanatakiwa kusimama pale wakiulizana tufanye nini, tuingie, tusiingie, hawakuulizana kitu.

Nilisikia kwanza udongo unatetemeka. Kisha shitingi ikaanguka. Wachungaji waliingia na fimbo, wamama na mabenchi, mama wa jembe na kiatu chake mukononi, na katikati yao prefe, kravati begani, na muguu wa kiti ameushika kwa mikono miwili. Mufugaji mumoja akaninyang'anya panga. Mama muuza-maziwa, mwenye alinisaidia kujifunza maneno yote, akanishika kiuno toka nyuma. "Muache baba ya batu," ananipigia sikioni, "muache, utaozea kasho ya polisi."

"Ni mubao," nikasema.

"Iko na damu," watu wakasema.

Shemeji, juu ya bidon ya maji amekaa, akainua mikono. "Niko muzima. Jamani, ni mawese."

Mufugaji akaonja na kidole. Akasema ni mawese kweli. Wakamubeba hata hivyo, wakamutosha inje, wakamuketisha kwenye jua ili kila muntu amuone anapumua, na vigelegele vya safari hii vilikuwa vya kweli.

Ndipo nilimuona mujukuu. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, makaratasi yameanguka, mikono miwili kichwani. Wabinti wake walikuwa nyuma yake, wanaangalia prefe. Na prefe alikuwa katikati ya kiwanja, anahema, muguu wa kiti mukononi, anaangalia huku na huku kama muntu anaanza kukumbuka yeye ni nani. Fujo ilikuwa fujo. Hakuna mwenye angeiita kwa jina lingine.

Nikaweka taji sawasawa. Yale maneno makubwa ya malkia, yenye anayasema mbele ya maiti, nilikuwa ningali nayo yote tumboni. Nikaenda polepole, sikuangalia chini, nikasimama mbele ya mufalme muzima.

"Binti yangu iko wapi?"

Watu wakageuka, moja-moja, mupaka nyuma. Shemeji akaniangalia. Maiti hawapewe maneno ya kusema, yeye alikuwa amejifunza mupaka kelele tu.

"Nilimutoa," akasema. "Juu ya upepo."

"Upepo?" wamama wakasema.

"Mashua zilikosa upepo. Waaguzi walisema."

"Ulimuuliza mama yake?" Huyo alikuwa mama muuza-maziwa, sasa ameniacha kiuno na amehamia upande wangu.

Shemeji akajikuna. Mujukuu alikuwa amemusomea kisa chote, na yeye haiko muntu wa kudanganya akiwa katikati ya watu. "Mama yake nilimudanganya. Nilisema namupeleka kuolewa."

Hapo nilisikia kiwanja kizima kinavuta pumzi. Mama wa jembe akasimama juu ya benchi, kiatu kingali mukononi.

"Ulisema ni ndoa?"

"Ndiyo, mama."

"Alivaa nguo za bibi-arusi?"

"Alivaa."

"Akaenda anaimba?"

Shemeji akaangalia miguu yake. Mama wa jembe akageuka kwa watu. "Na mulituita tumuokoe huyu," akasema. Watu wakacheka, lakini wengine walikuwa wanafuta macho. Binti yake, yule murefu, alikuwa anamuangalia kama anamuona mara ya kwanza.

Kisha kila muntu akataka kusema, na wafugaji wakaanza kupanga nani anasema wa kwanza, kama kwenye baraza la kweli. Muzee mumoja wa Mushaki akasema kwao muntu anayetoa mutoto kwa ajili ya vita hapewe tena kibuyu cha maziwa mukononi, anakunywa maji na mbwa. Mwengine akasema mufalme pia alitishwa na waaguzi. Mama wa kambi aliomba neno. Hasemi sana huyu. Akauliza, "Na ile vita, ilirudisha nini?" Shemeji akasema ilirudisha sifa. "Sifa inalala wapi?" akauliza tena, akakaa.

Nikaona ni wakati wangu. "Sema jina lake," nikamuambia mufalme. "Mbele ya watu wote."

Hakulijua. Jina ni la Kigiriki, refu, limejikunja kama njia ya kwenda Kibabi. Mimi nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, juu jina la mutoto wa muntu haliachwe. Nikamupatia kipande, akarudilia. Nikamupatia kipande cha pili, akakosa, watoto wakamusaidia. Mwisho alilisema lote, na kiwanja kizima kikalisema nyuma yake, wamama, wachungaji, wale wa kambi. Tulilisema tena, kwa nguvu. Mujukuu alikuwa ameshusha mikono toka kichwani. Alikuwa analia na anacheka, na wabinti wake walikuwa wamemushika mabega.

"Sasa utamuua ao utamuacha?" shemeji mwenyewe akauliza, chini-chini, lakini sauti yake haijue kuwa chini.

Wamama wengine wakasema auawe, wengine wakasema alime kwanza. Mimi niliacha maneno yawaishie, kama malkia. Na ndipo prefe akainua muguu wa kiti kama mutoto wa shule anaomba kujibu.

"Na waaguzi?" akasema. "Waaguzi wenye walisema upepo unataka binti, nani amewauliza? Wako wapi?"

Mujukuu akasema hawamo katika muchezo, walibaki kule pwani.

"Hapana," prefe akasema. "Hawa lazima waletwe. Hatuwezi kumaliza bila wao."

Jua lilikuwa linaenda, chakula kilikuwa kinapoa, wali na nyama ya mbuzi. Mujukuu akamukaribia, nikasikia kwa sikio langu. "Prefe, tulikosa. Ilikuwa fujo."

Yule bwana akaangalia kile kipande cha kiti, akaangalia watu wenye walikuwa wangali wanabishana kuhusu mufalme.

"Mwalimu, haijaisha," akasema. "Mulisema mutacheza mupaka mwisho. Siku ya tatu ya kwanza tukifungua shule, mulete waaguzi. Nitakuwepo."

Wabinti walielewa maneno yake mbele mimi nielewe. Walimukimbilia mujukuu hata karibu wamuangushe, na shemeji, kwa mawese yake, akaingia katikati, akaharibu shati ya kila muntu.

Kwenye siku ya tatu ile waaguzi waliletwa, na kiwanja kilijaa kuliko sikukuu. Mupaka leo saa ya teatri ingali pale, mufalme hajafa, na mama wa jembe amehesabiwa katika kundi, ingawa hajui kungoja zamu yake.

Kuna kitu kimoja prefe anakikataa. Anasema hakuwa wa kwanza kuingia nyuma ya shitingi, ni mufugaji. Mimi niliona kiatu cheusi kwanza, na fimbo kisha. Lakini nilikuwa nimeshikwa kiuno, na taji lilikuwa linanifunika jicho moja. Wewe mwenye ulikuwa pale, kama niligeuza neno, ao nilimupa muntu maneno ya mwenzake, ao breki ya chukudu haikukataa bali ni shemeji hakuikanyaga, uje kunisahihisha. Kisha ya saa kumi niko nyumbani, na kiti kiko.